Ndizi zikiwa jikoni: nilivyojifunza kumpa mwenzangu shavu nikiwa laivu

Naandika nikiwa bado na hasira na ushauri niliopewa mwaka juzi, maana ulinila miezi mingi na ukawala wenzangu pia. Mimi napika laivu TikTok, kutoka jikoni kwangu Mwanjelwa, Mbeya, siku tatu kwa wiki kuanzia saa mbili usiku. Napika vyakula vya kwetu: ndizi za Tukuyu, wali wa Kyela, viazi na maharage. Ushauri wenyewe ulikuwa huu: ukitaka kuwainua wenzako, ukifika mwisho wa laivu soma majina yao, waombe watu wakawafolo, nao watasoma lako.

Tulikuwa na grupu la WhatsApp la watu ishirini na kitu, kuanzia Iringa mpaka Tunduma. Mmoja anauza mitumba, mwingine anasuka nywele, kuna kijana wa Makambako anayeonyesha shamba lake la parachichi. Majina yao yote niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani nyuma ya simu, na kila usiku niliyasoma moja moja bila kuruka. Niliyasoma vizuri, kwa sababu niliamini nawasaidia.

Sasa fikiria mwenyewe saa ya kuyasoma. Chakula kimeshapakuliwa, rangi ya mchuzi watu wameshaiona, kilichowaleta kimekwisha. Katika watu mia na hamsini waliokuwapo wakati nakaanga vitunguu, wamebaki thelathini. Hao ndio nawasomea majina ishirini ya watu wasiowajua, wanaofanya vitu ambavyo hawajaviona. Hata ningekuwa mimi nisingekwenda kwa yeyote.

Wafuasi wangu waliongezeka kama mia tatu hivi kwa mwezi, nikafurahi. Nilichelewa kuona kwamba watazamaji hawakuongezeka hata mmoja. Wale mia tatu walikuwa watu wa grupu, ndugu zao na marafiki wa ndugu zao, waliobonyeza ili nao wabonyezewe. Mfuasi asiyekutazama ni sawa na koti lililowekwa juu ya kiti mkutanoni: kiti kimeshikwa, mtu hayupo. Nilitoka kwenye lile grupu na sijarudi.

Aliyenifanya nitafute njia nyingine ni mama mmoja wa Kihehe, anakaa kijijini nje kidogo ya Iringa mjini. Mimi humwita Mama Vikapu. Anasuka vikapu vya milulu, yale majani yanayoota kwenye mabonde yenye maji, na binti yake ndiye anayemshikia simu. Ilimchukua karibu mwaka mzima kufikisha wafuasi elfu moja, ndipo TikTok ikamfungulia laivu. Alipofunguliwa, watazamaji wakawa tisa, siku nyingine kumi na wawili. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikimaliza kuosha vyombo nakaa namtazama anavyolowesha majani kidogo yasivunjike, anavyoyapitisha na kuyakaza mpaka mshono hauonekani. Iliniuma kazi ile kutazamwa na watu tisa wakati anayetukana wenzake laivu anapata elfu mbili.

Nikamwalika laivu kwangu. Niliona ndiyo njia ya heshima, skrini inagawanywa, mimi huku na yeye kule. Tulikaa dakika arobaini. Nilipomaliza nilikuwa na furaha kubwa, mpaka mdogo wangu wa kiume, anayesoma pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, aliporudia kuitazama ile video akiwa na saa ya simu mkononi. Akaniambia, "Dada, mama wa watu ameongea dakika sita." Nikabisha. Tukaitazama pamoja. Ni kweli, dakika sita. Zilizobaki watu walikuwa wananiuliza mimi: chumvi kiasi gani, kwa nini hukuweka karoti, hizo ndizi umemenya lini. Mama wa watu anatabasamu tu kwenye kile kidirisha kidogo, na mikono yake, ambayo ndiyo kila kitu, haionekani.

Sisemi kualika ni kubaya. Kwa mazungumzo ni kuzuri sana, na Instagram tangu 2021 inaruhusu watu wanne kwenye laivu moja. Lakini mgeni akikaa sebuleni kwako, watu huendelea kumwangalia mwenye nyumba. Ambaye kazi yake iko mikononi, watu wapelekwe kwake wakaione.

Nikajaribu hilo. Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Mbeya imekaza, nikawaambia watazamaji mwisho wa laivu, "Twendeni sote kwa Mama Vikapu." Watu kama ishirini walikubali. Tulipofika, hayupo. Alikuwa ameningoja tangu saa mbili, saa tatu bando la binti yake likakata, wakalala. Nilikuwa nimemwambia tu "baadaye". Kosa lilikuwa langu peke yangu, na asubuhi nilimpigia simu kumwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, si neno. Ila siku nyingine niambie saa." Tangu siku hiyo sijawahi kupeleka mtu kwa mwenzangu bila kutaja saa na dakika, na bando la siku hiyo namrushia mimi, ni buku mbili tatu hivi.

Aliyenifumbua macho ni huyohuyo mdogo wangu. Yeye hutazama watu wanaocheza gemu kwenye Twitch ya Marekani. Akanieleza kwamba kule kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, wewe ukiwa umezima, chaneli yako inaonyesha laivu ya mwenzako palepale kwako. Ya pili, unapomaliza unabonyeza, watazamaji wako wote wanahamia kwa mwenzako aliye hewani muda huo, na yeye anawaona wanavyoingia. Ile ya kwanza Twitch waliiondoa Oktoba 2022, wakieleza kwamba watazamaji wanataka kuongea na mtu aliye laivu, na njia ile ilikuwa inawazuia. Ya pili ipo mpaka leo. YouTube nayo ina utaratibu wa kuwahamishia watu kwenye laivu nyingine ukimaliza yako.

Nilimwuliza, hiyo ya pili wanaiitaje? Akasema reidi, yaani kuvamia. Neno sikulipenda, lakini jambo lenyewe nililijua tangu utoto. Mgeni akiaga kwetu haachwi amalize njia peke yake, unamsindikiza. Unatoka naye, unapita naye kwenye tope, unamfikisha. Nilichokuwa nakosea ni kwamba nilikuwa nawaelekeza watu kwa kidole nikiwa nimekaa. Kwangu TikTok sikuwa na kitufe cha kuwahamisha, kwa hiyo ilibidi nitumie miguu yangu mwenyewe.

Hapa ndipo kikapu kilipoingia. Nilinunua kimoja kwa Mama Vikapu, kama elfu kumi na tano au ishirini pamoja na nauli ya basi, sikumbuki vizuri. Jumatatu nikakiweka mezani, mbele ya kamera, kimejaa ndizi. Sikusema kitu. Jumatano nikaweka vitunguu na hoho. Sikusema kitu pia, ingawa ulimi uliniwasha. Ila kila nilipochukua kitunguu nilikivuta kikapu karibu na mwanga, kisha nikakirudisha taratibu. Jumatano hiyohiyo komenti zikaanza: "Dada hicho kikapu umetoa wapi?" "Hicho ni cha Iringa." "Siyo, ni cha Njombe." Wakaanza kubishana wao kwa wao. Nikawajibu neno moja tu, "Ijumaa." Alhamisi nilishindwa hata kula vizuri kwa kuingoja Ijumaa.

Sasa sikiliza hili la pili, ndilo ninalojivunia zaidi. Ndizi zikishaungwa na kufunikwa, zinahitaji dakika ishirini na tano za moto mdogo. Kwa muda mrefu hizo ndizo zilikuwa dakika zangu mbaya kuliko zote. Watu wanaona sufuria limefunikwa, wanachoka, wanaondoka, na mimi nahangaika kuongea chochote ili wabaki. Ijumaa ile nikafunika sufuria saa mbili na dakika thelathini na tano, kama tulivyopatana na Mama Vikapu. Nikachukua kikapu, nikakigeuza kitako juu, nikakisogeza kwenye kamera mpaka kikajaa skrini. Nikauliza, "Nani anaweza kuniambia hiki kitako kinaanzwa na majani mangapi?" Komenti zikamiminika: nane, kumi na mbili, thelathini. Nikawaambia, "Sijui hata mimi. Aliyekisuka yuko hewani sasa hivi na anaanza kitako cha kikapu kingine. Mimi nakwenda kumwuliza kwa simu ya mdogo wangu. Sufuria linabaki hapa, ndizi haziivi kabla ya saa tatu. Tukifika mseme mmetoka Mbeya."

Jina la akaunti yake nilikuwa nimeshalipini. Kabla ya hapo lilikuwa na namba sita na vistari vya chini, nikamwomba binti alibadilishe liwe neno ambalo mtu anaweza kuliandika kwa kulisikia tu. Lilisaidia sana hilo, kuliko kitu chochote kilichonigharimu hela.

Nilikuwa na watu mia na sitini hivi. Kamera yangu ikabaki inatazama sufuria na mvuke, mimi nikaingia kwa mama kama mtazamaji mwingine yeyote. Alikuwa na watu kumi na moja. Nikaandika kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene mama, tumefika kutoka Mbeya." Binti akamsomea. Kisha zikaanza kuingia: Mbeya, Mbeya, Uyole, Tukuyu, Mbeya, Kyela, Vwawa. Binti akawa hamalizi kusoma. Watu sabini na kitu! Mama hakushtuka. Aliinua macho mara moja akasema, "Karibuni wanangu, kaeni," akarudi kwenye majani yake. Mtu akauliza lile swali la kitako. Mama akasema, "Hesabuni mnavyoniona naweka." Watu sabini wakanyamaza wakihesabu majani. Nilikaa jikoni kwangu nimeshika simu ya mdogo wangu na machozi yananitoka, siwezi kuficha.

Saa tatu kasoro mama mwenyewe akawaambia, "Rudini mkaangalie ndizi za mwanangu zisiungue." Hatukupanga hilo. Wakarudi, siyo wote, na wengine wamekuja na watu wa Iringa ambao hawajawahi kuniona. Nilifunua sufuria mbele ya watu wengi kuliko niliowaacha.

Kuna mtu mwenye wafuasi wengi sana aliyeniambia kabla ya hapo nisithubutu kuwafungulia watu mlango wa kutokea, kwamba mtazamaji akitoka harudi. Alisema kwa uhakika mkubwa na mimi nilimwamini kwa sababu ya wingi wa wafuasi wake. Wale watu walikuwa wanatoka kila siku dakika hizohizo za sufuria. Tofauti ni kwamba zamani walitoka kwenda kusikojulikana.

Jambo moja linaumiza nikiliona kwa wengine: usimpeleke mtu kwa mwenzako ukamwambia "mpeni zawadi". Umemfanya mwenzako ombaomba mbele ya wageni. Wape watu swali la kumwuliza, na yeye aonyeshe kazi. Wakipenda watatoa wenyewe. Mama Vikapu aliuza vikapu kumi na kimoja wiki ile, kimoja kikaenda Tunduma, na hakuna aliyeombwa kununua. Wiki zilizofuata akawa na watu arobaini hivi bila mimi.

Na mmoja kwa usiku, basi. Niliwahi kupeleka kwa wawili usiku mmoja na hakuna aliyefaidika. Siku hizi ninayempeleka ni yule tu ninayemtazama mimi mwenyewe simu ikiwa yangu na bando langu. Watu wanajua, hata useme kwa sauti tamu namna gani, kama kazi ya mtu huifahamu.

Mwezi uliopita nimekaa namtazama Mama Vikapu usiku, amefika kwenye ukingo wa kikapu. Akasimama. Akasema, "Kikapu nimeshawaonyesha. Kuna binti huko Matema, mama yake ni Mkisi wa Ikombe, anafinyanga vyungu. Twendeni tukamwulize chungu kinakaukaje bila kupasuka." Hakuwa ameniambia. Nikajikuta naingia Matema pamoja na Wahehe na Wabena, huyu anasema kamwene, yule anajibu ugonile ya Kinyakyusa, na binti wa watu mikono imejaa udongo, hajui ashike simu au ashike chungu. Alitueleza jinsi wanavyovipeleka mnadani Lyulilo Jumamosi, na mtandao wa huko Ziwa Nyasa ulikatika mara mbili, watu wakamngoja.

Nikamwagiza chungu kimoja. Kimefika juzi kwa basi la Kyela, kimefungwa majani makavu ya mgomba. Jumatatu kitakaa mezani kwangu na maji ndani, na sitasema kitu. Mbasa, samaki wa ziwani, wa kupikia humo nimeshaagiza.