Makopo Niliyoyapiga Msasa

Desemba 1987, nikiwa na miaka 12, nilipelekwa likizo kwa mjomba wangu, fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam. Kibandani kwake makopo ya maziwa na madebe ya mafuta yalifika darini. Msimu ule kazi kubwa ilikuwa koroboi, kwa kuwa nyumba nyingi za jirani hazikuwa na umeme.

Siku moja alitoka, akaniachia makopo 40 niyasafishe. Nikaona maandishi na rangi vinayaharibu. Nikachukua msasa, nikayasugua mpaka yakawaka kama fedha. Mjomba aliporudi usiku hakuyachunguza, akayalehemu, asubuhi yakapelekwa dukani.

Mvua za vuli zilikuwa bado zinanyesha. Baada ya wiki mwenye duka akayarudisha ndani ya gunia. Yote yalikuwa mekundu kwa kutu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjomba hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kigoda, akachukua kipande cha debe na kipande cha bati la kuezekea.

"Mjomba, hili la paa limepakwa zinki. Ukilikwaruza, zinki inaliwa kwanza, chuma kinapona. Kopo limepakwa madini ya bati yenyewe, membamba kuliko unywele. Likiwa zima, maji hayapiti. Likichubuka, chuma ndicho kinacholiwa, tena upesi kuliko kingekuwa kitupu."

Kisha akadondosha lehemu. Kwenye debe ilitandaa, kwa sababu lehemu nayo ni bati na risasi, zinajuana. Kwenye koroboi yangu yenye kutu ilijikusanya matone, kama maji juu ya jani la mgomba.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikasoma kwamba ngozi hiyo nyembamba ilijenga miji mizima kule Wales. Pontypool, kwenye viwanda vya akina Hanbury, chuma kilipitishwa kati ya roli hadi kikawa karatasi, kisha kikachovywa katika bati lililoyeyuka, ambalo linahitaji nyuzi 232 tu za Selsiasi. Llanelli, mji mwingine wa huko, ikaitwa Tinopolis, yaani mji wa bati. Mwaka 1810 Peter Durand akapata hataza ya kuhifadhi chakula kwenye makopo London. Kila niliposoma hayo nilisikia sauti ya mjomba. Mimi nilikuwa nimeyasikia kwanza kutoka kwake, Gerezani.

Hatukutupa hata koroboi moja. Kwa siku mbili nilikwangua kutu, yeye akapaka asidi na kutandaza lehemu kila palipochubuka, moshi ukituwasha macho. Mwenye duka akapokea 31. Nane tukawagawia majirani.

Moja nilirudi nayo kwa mama. Ilikuwa na makovu ya lehemu tumboni, na haikuvuja mafuta hata siku moja.