Alama ya Penseli kwenye Mwimo wa Mlango

Jana jioni nilimsimamisha binti yangu, ambaye ametimiza miaka mitatu, kwenye mwimo wa mlango, nikaweka kitabu juu ya utosi wake na kutia alama ya penseli: sentimita 94. Kipimo hicho kimebadilisha mpango wetu wote wa kwenda kwenye bustani ya burudani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa michezo mingi ya kasi huwa na kima cha chini cha urefu, mara nyingi kati ya sentimita 100 na 120, na mhudumu wa langoni hupima bila kujali machozi ya mtu. Afadhali nimelijua hilo nyumbani kuliko mwisho wa foleni ndefu.

Basi nimefuta nusu ya orodha (nakiri kwamba nusu hiyo ilikuwa yangu, si yake) nikabakiza farasi wa kuzunguka, treni ndogo na boti za mwendo wa polepole. Mimi na mume wangu tutapokezana kwenye mchezo mmoja mkubwa, kwani bustani nyingi humruhusu mzazi aliyebaki na mtoto kuingia baadaye bila kupanga foleni upya. Tutafika kabla milango haijafunguliwa, na mchana tutajitenga na makelele ili alale kwenye kigari chake.

Kinachonitia wasiwasi ni wale watu wanaovaa vichwa vikubwa vya wanyama. Nilipomwonyesha picha yao, alijificha nyuma ya pazia, kisha akachungulia na kuuliza kama wao pia hulala mchana.