Twiga hawavuki Rufiji

Mume wangu aliikubali safari ile kwa sharti moja: nisimwambie kwamba tunakwenda kutazama tembo. Twiga sawa, simba sawa, hata viboko. Tembo alikutana nao vya kutosha utotoni kwao Liwale, tena usiku, akiwa juu ya dungu la kulindia shamba na debe la kuwafukuzia mkononi.

Ilikuwa Julai 2022. Ufuta wetu ulikuwa umeshapigwa mnada, chama cha msingi cha ushirika kimeshalipa, ada za watoto zimetoka, na bado akiba kidogo ilikuwepo. Wazo lilikuwa langu. Nimezaliwa Lindi mjini na nimefundisha shule za msingi huku huku Kusini. Kila mwaka namchora twiga ubaoni, nawaambia watoto huyu ndiye mnyama wa taifa letu. Wanamjua kwa picha, na wengine wamemwona mkiani mwa ndege ya Air Tanzania ikitua Mtwara. Mimi mwenyewe nilikuwa namjua hivyo hivyo. Mtu wa Liwale au Tunduru anaweza kukutana njiani na tembo, nyati, simba, hata mbwa mwitu. Twiga, hapana. Twiga wa upande ule wanaishia ng'ambo ya kaskazini ya Mto Rufiji, huku kwetu hawaji. Kwa hiyo anayemtaka lazima avuke daraja amfuate.

Tuliondoka Lindi baada ya swala ya alfajiri. Mchinga tukaipita watu wakiwa wanafagia nyua, Kiranjeranje jua limeshachomoza. Nangurukuru tulisimama kunywa chai na chapati, maana mwenzangu hawezi kuendesha na njaa. Kwa aliyezoea barabara hii sasa, hayo ni maneno mepesi. Sisi tulioipita zamani tunajua. Kulikuwa na pantoni ya kuvuka Rufiji pale Ndundu, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kikawa cha mwisho kuwekewa lami. Masika ilikuwa ukiaga nyumbani unaaga kweli, basi likinasa watu wanapika kando ya njia, na wenye watoto wachanga wanatandika khanga chini ya magari. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Mume wangu, Baba Nasra, hapiti pale bila kupunguza mwendo na kumwombea marehemu Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso. Namuunga mkono. Anayeona ni zege tu na nondo hajawahi kulala Ndundu akisubiri pantoni na mgonjwa.

Tulilala Kibiti. Asubuhi tukaiacha lami, tukashika njia ya Mloka. Vumbi lile jekundu liliingia mpaka kwenye kikapu cha korosho nilichokifunga vizuri. Gari letu dogo tuliliacha nyumba ya wageni Mloka tukakodi Land Cruiser lililo wazi pembeni, pamoja na dereva anayeongoza wageni, kijana wa pale pale kijijini. Alitusalimia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Lindi alicheka kwa furaha. Alisema wageni wake wengi hutoka Dar es Salaam au Ulaya, watu wa Kusini huwapata kwa nadra, na wakati hifadhi ni yetu pia.

Ni kweli ni yetu, na hilo ndilo lililokuwa linamkaa mume wangu kooni. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wangindo wengi wa magharibi mwa Liwale. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa malale. Ardhi waliyoiacha ikaingia katika Pori la Akiba la Selous. Babu yake alikuwa mmoja wao. Aliondoka na mke, watoto na mbegu, akaacha miembe yake imeanza kuzaa. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilipandishwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Tangu siku zile za babu, kila wakati wa mavuno, tembo hutoka kule na kuja mashambani. Baba Nasra alikua akipiga madebe usiku kucha, halafu asubuhi anakwenda shule macho mekundu. Kuna mwaka mahindi yote yalikwisha kwa usiku mmoja, na nyumba nzima ikala ming'oko, viazi vya porini, mpaka msimu mwingine. Siku hizi serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Wakati ule hakuna aliyewafuta chochote.

Basi tukaingia kwa lango la Mtemere, na wa kwanza kuonekana wakawa tembo.

Walikuwa kundi la majike na watoto, karibu na maji, chini ya mivumo mirefu iliyonyooka. Dereva alizima injini. Nilimtazama mume wangu badala ya kuwatazama wanyama. Alikuwa ameshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili, vidole vimekaza. Jike mmoja alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Anazungusha mkonga kwenye shada la majani, analing'oa na mizizi yake, kisha analipigapiga kwenye mguu wa mbele mpaka udongo upukutike, ndipo analipeleka kinywani. Halafu shada lingine, tena polepole vile vile. Kope zake ndefu zilikuwa na vumbi. Kitoto kikajaribu kuiga, mkonga ukawa unateleza, kikapiga udongo na mguu kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa kitumbua.

"Mama Nasra," mume wangu akaninong'oneza, "mie sijawahi kumwona tembo mchana akiwa ametulia."

Sikumjibu. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Kwake tembo alikuwa ni mlio wa mabua yakivunjika gizani na kivuli kinachosogea. Na mtoto wa miaka kumi juu ya dungu hana nafasi ya kutazama kope.

Kisha akaanza kumuuliza dereva maswali, na hapo nikajua safari imebadilika. Mloka wanafanyaje? Kijana akasema bibi yake ana shamba la mahindi na anahangaika vile vile. Kwa hiyo wanafunga uzio wa kamba zilizopakwa mafuta machafu na pilipili, wanachoma matofali ya pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo ili moshi uwawashe, na anajua kuna wakulima wanaozungushia shamba mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo anamwogopa nyuki. Mizinga imeunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa, yote inatikisika. Mume wangu akataka kujua mizinga inaachiana hatua ngapi, nguzo za mti gani, mchwa je, nani anarina asali. Kijana akajibu alichokijua. Akatuambia pia kwamba miaka ya 1970 tembo wa Selous walikadiriwa kuzidi 100,000, na sensa ya 2013 ilikuta 13,000 hivi, wengine wamemalizwa na majangili. Mume wangu akanyamaza kwa muda. Alipozungumza alisema tu kwamba babu yake angeambiwa idadi hiyo asingeiamini.

Mimi naziamini huzuni zote mbili. Sioni kwa nini mtu alazimishwe kuchagua kumhurumia tembo au kumhurumia mkulima wa Liwale. Anayepanga mambo ya hifadhi akisahau mmojawapo, ameharibu kazi yote.

Twiga tuliwapata baada ya chakula cha mchana, tukielekea Ziwa Manze. Kwanza niliona vichwa tu juu ya migunga, vinatutazama, vinatafuna. Halafu wakatoka. Nilisimama kwenye kiti, nikashika paa, na machozi yakanitoka bila mimi kuyaita. Mmoja akaenda kunywa maji. Alitanua miguu ya mbele kidogo, akasita, akaangalia huku na huku, akaitanua zaidi, ndipo akaishusha ile shingo. Sikujua kwamba kunywa maji kunampa kazi yote ile. Kila nilipomchora ubaoni nilimchora amesimama wima. Dereva alisubiri bila kutuharakisha. Mume wangu ndiye aliyepiga picha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Viboko tuliwaona wengi, mamba pia, simba walikuwa wamelala wala hawakuinua kichwa.

Wakati wa kurudi tulisimama Somanga kula samaki wa kukaanga, na hapo mama mkwe akapiga simu kutoka Liwale. Hatukuwa tumemwambia. Mume wangu akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Nasikia mmekwenda kulipa hela kuwaangalia tembo," akasema. "Mngekuja huku kwangu. Juzi walikuwa kwenye mihogo."

"Wamekula kiasi gani?"

"Mistari yote ya upande wa korongo."

Baba Nasra akaacha samaki, akanawa mkono, akaomba kalamu kwa muuzaji. Alianza kumweleza mama yake habari za nyuki, huku akichora nguzo na waya nyuma ya risiti. Mama akamkatiza kila baada ya sentensi: nani atalipia, nguzo zitatoka wapi, na yule mdogo wako mvivu ndiye atakayerina? Akajibiwa moja moja. Mwisho akauliza kama asali inauzwa bei gani Lindi siku hizi.

"Mpe mkeo," akasema, kisha akaniuliza kama kweli nimemwona twiga, na kama ni mrefu kushinda mnazi.

Nikamwambia mnazi mchanga anaushinda. Akataka nimweleze anavyolala. Sikumwona akilala, kwa hiyo nikamweleza anavyokunywa maji, mpaka salio la simu yake likakatika.