Nilivyoelewana na jirani aliyekoseshwa usingizi na majogoo wangu

Mara ya kwanza jirani yangu hakuja kwa shari. Alisimama upande wake wa ua, nikamwamkia, akaitikia, tukajuliana hali, ndipo akasema, "Mwanangu, majogoo wako hawanipi usingizi." Nilimjibu kwa sauti ya adabu, ila jibu lenyewe halikuwa na adabu: "Mzee wangu, huku ni shamba. Jogoo asiwike?" Akaguna, akarudi kwake.

Baada ya miezi miwili alikuja tena. Safari hii alifuatana na binti yake, aliyekuwa amekuja kwa baba kujifungua, na mtoto alikuwa mgongoni.

Naandika kwa ajili ya wafugaji wenzangu wa vijijini, maana najua wengi wetu hujibu kama nilivyojibu. Kabla hujamtetea jogoo wako, nenda kamsikilize ukiwa chumbani kwa jirani. Mimi nilichelewa kufanya hivyo na nilijutia.

Wakati ule nilikuwa na majogoo watano: jogoo mkubwa mmoja, na pora wanne wa uzao mmoja walioanza kuwika walipofikisha miezi minne hivi. Matetea walikuwa kumi na wawili. Ile miezi miwili sikuitumia kutafuta dawa ya kelele, niliitumia kutafuta hoja. Nikaipata ya Maurice, jogoo wa kisiwa cha Oléron huko Ufaransa, ambaye majirani walimshtaki kwa kuwika, na mwaka 2019 mahakama ikaamua abaki na aendelee. Mwaka 2021 Ufaransa ikapitisha hata sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Nilipomaliza kuwasimulia hayo, yule binti alinitazama kwa macho mekundu ya kukesha, akasema, "Kaka, mimi sijaja kukushtaki. Mimi nataka mtoto alale."

Sikuwa na la kujibu. Nikaomba kitu kimoja tu: waniruhusu nije kukaa barazani kwao usiku, nisikie wanachokisikia wao.

Nilikwenda saa tisa kasoro, nikaketi chini ya dirisha la chumba cha binti, mfukoni nina kokoto. Kila jogoo akiwika nahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Saa tisa na dakika kama ishirini mkubwa akaanza. Pakapita kimya kifupi, akajibu wa pili, kisha wa tatu, wa nne, na mwisho yule mdogo ambaye sauti yake ilikuwa bado inakatika katikati kama mlango usiotiwa mafuta. Kabla huyo hajamaliza, mkubwa akarudia. Ndani mtoto akalia, akabembelezwa, akanyamaza, akashtuka tena. Kufikia saa kumi kamili nilikuwa nimehamisha kokoto 63.

Kilichonishangaza zaidi ni ukali wa sauti. Kwangu, kati ya banda na kitanda changu kuna jiko na stoo, kwa hiyo sauti hunifikia imekwisha kuchujwa. Kwa mzee hakukuwa na kitu. Matundu ya hewa ya banda nilikuwa nimeyaelekeza kwake moja kwa moja, bila hata kufikiri, kwa sababu upande huo ndio uliokuwa rahisi kupigilia wavu. Muda wote huo nilikuwa nikisema "mbona mimi nalala?"

Asubuhi yake nikaanza kusoma kwa nia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini: hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, anaendelea kuwika kwa majira yake, na kwa kawaida huanza muda wa kama saa mbili kabla ya kupambazuka. Wazee wetu waliohesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili walikuwa wanaisoma saa hiyo hiyo. Mwaka 2015 watafiti hao wakaeleza jambo jingine: katika kundi, jogoo mwenye cheo cha juu ndiye huwika kwanza, na wengine humfuata kwa kushuka vyeo. Nikawakumbuka wale watano barazani, mmoja baada ya mwingine. Nikaelewa kwamba giza peke yake halitamnyamazisha jogoo, lakini kupunguza wafuasi kutakata sehemu kubwa ya kelele.

Pora wanne wakaondoka wiki hiyo. Wawili niliwachinja, wawili nikampa ndugu yangu ambaye kuku wake hawakuwa na jogoo. Wapo wanaodhani bila majogoo wengi mayai yatapungua. Si kweli. Kuku hutaga hata pasipo jogoo kabisa. Jogoo unamhitaji ukitaka mayai ya kuatamia, na mmoja anatosha matetea kumi hivi.

Nilijaribu pia ule ukanda wa shingoni unaosifiwa kwamba hupunguza sauti. Nilimfunga jogoo mkubwa jioni nikiacha nafasi ya kupitisha kidole, kama nilivyoelekezwa. Baada ya muda nilimkuta ameinama, mdomo wazi, anavuta hewa kwa shida, na upanga wake mwekundu wa kichwani umeanza kuingia weusi kwenye ncha. Nikaukata kwa kisu pale pale. Wapo wanaosema kwao umefaa. Mimi simshauri mtu. Jogoo akivimba shingo kidogo tu, ile nafasi ya kidole haipo tena.

Kilichosaidia ni kizimba cha kulalia. Nilikitengeneza kwa mbao, nikakizungushia ndani blanketi kuukuu na juu yake ubao mwembamba ili asilidonoe. Kimo kinamtosha kusimama, lakini hakimruhusu kuinua shingo juu kabisa, na jogoo asiyeinua shingo hawiki kwa nguvu zake zote. Hewa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Tundu linaloingiza hewa linaingiza na mwanga, na usiku wa kwanza taa ya baraza langu ilimmulika akaanza kuwika saa nane. Nikaweka kipande cha ubao mbele ya kila tundu, kwa mbali kidogo, hewa ipite pembeni na mwanga ukwame. Chini nilitandaza maranda, nayabadilisha kila yakilowa, kwa sababu harufu ya kinyesi ndani ya kizimba kilichofungwa itamuumiza mapafu. Usiku wa joto kali simfungii humo. Huwa namtangulia mzee kumwambia.

Banda lenyewe niliziba matundu ya upande wa mzee, nikafungua mengine upande wa shamba. Ilikuwa kazi ya siku moja.

Kisha nikarudi barazani kwao na kokoto zangu. Jogoo aliwika, tena kwa wakati wake ule ule, ila sasa alisikika kama mtu anayeita akiwa ndani ya pipa, na hakuwa na wa kumjibu. Nilihesabu 11. Mtoto hakuamka.

Tulikaa mimi, mzee na binti tukakubaliana saa. Jogoo anaingia kizimbani giza likiingia, anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mimi ndiye wa kumfungulia, simwachii mtoto anayeweza kusahau. Mchana nilidhani nao ungeleta maneno, mzee akasema, "Mchana awike atakavyo." Nikawaomba wasivumilie kimya kimya, jambo likizidi wanipigie simu hata iwe usiku wa manane. Kama eneo lenu lina kanuni za ufugaji, ziulizeni mapema. Hapa kwetu hatukufika huko.

Mwaka huu kuku wangu mmoja aliatamia mayai, akatotoa vifaranga tisa. Watatu wametokea kuwa majogoo. Juzi alfajiri nikiwa nachota maji nikasikia sauti ngeni bandani, fupi, ya kukwaruza, ikakatikia katikati. Niliweka ndoo chini, nikasubiri kuche, nikaenda hadi uani kwa mzee, nikamwamkia. Nikamwambia kuna watatu wameanza, na kwamba watakuwa wameondoka kabla ya Jumamosi.