Mkojo ukiwa mwekundu: ninavyoishi na figo zenye vifuko

Huku Kanda ya Ziwa ukisema unakojoa damu, kila mtu atakwambia kichocho, na mara nyingi huwa ni kweli. Mimi nilimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, damu ikarudi. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuupata. Baba alikufa kwa figo, tukasema ni presha tu.

Kifuko kikivuja damu, ubavu mmoja unauma ghafla, kisha mkojo unatoka rangi ya juisi ya rozela, pengine na mabonge ya damu. Kuna siku naumia hivyohivyo na mkojo ni mweupe, kwa kuwa damu imebaki ndani ya kifuko.

Hapo nalala. Sibebi ndoo, sipandi bodaboda. Nakunywa maji mengi (figo zangu bado zinamudu) ili mabonge yasizibe njia. Maumivu ni panadoli tu. Jirani yetu wa duka la dawa hachoki: "Shemeji, chukua diklofenaki, utapoa sasa hivi." Mke wangu humjibu kabla yangu, maana diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo, na aspirini huzidisha kuvuja damu. Kwa kawaida haiishi wiki mkojo umeshasafika. Ukigoma kutoka, au nikisikia kizunguzungu, siongojei wiki.

Homa ndiyo inayonikimbiza hospitali. Kifuko kikiingia bakteria, kipimo cha mkojo kinaweza kutoka safi kabisa, kwani kifuko kimejifunga. Safari moja nilikuwa naandikiwa dawa za malaria wakati kipimo hakikuonyesha malaria. Nikamwambia daktari nina vifuko, akaagiza damu ioteshwe maabara kutafuta bakteria. Nikanywa siprofloksasini kwa wiki kadhaa. Si kila antibaiotiki inapenya ukuta wa kifuko, na dozi ya siku tano haitoshi.

Presha napima nyumbani kila asubuhi kabla ya chai, na losartani, dawa yangu ya presha, siruki. Nikitapika au kuharisha, nampigia daktari kwanza, kwa sababu mwili ukiishiwa maji huenda akaisimamisha kwa muda.

Watoto wangu wakubwa wote nimewaeleza. Wa kwanza hataki kusikia habari za ultrasaundi, anakubali kupimwa presha basi. Mdogo wake ameshaniuliza bei.