Chukudu ya mtoto: gurudumu la 288 na gurudumu la 300

Jumamosi. Nimemwahidi kijana wangu chukudu ndogo, yaani skuta ya mbao ya magurudumu mawili, ya kutelemkia kichochoroni kwetu, si ya kubebea viazi. Mafundi wa hapa Goma wanachonga gurudumu kwa panga na jicho tu. Mimi panga hainitii, ila nimeazima ruta, mashine ya umeme inayokata mbao kwa kisu kinachozunguka. Nimekata tripleksi ya milimita 10 iwe kama mkono: mwisho mmoja nimefunga ruta kwa vise (skrubu), mwisho wa pili nimetoboa tundu la msumari wa milimita 4. Msumari unasimama katikati ya ubao, ruta inauzunguka kama mbuzi kwenye kigingi.

Ubao ni libuyu, unene milimita 40. Kisu kinafika 25 tu, kwa hiyo tundu la katikati nimelipitisha hadi ng'ambo: nakata nusu, nageuza, namalizia. Lisiposimama wima, pande mbili hazikutani, na ukingo unabaki na ngazi. Kila mzunguko nashuka milimita 4. Nikizidisha, mashine inalia na mti unaungua, hasa pale nyuzi zinapokatwa kichwani.

Mzunguko wa tatu, umeme ukaenda. Nikalala.

Jumapili, baada ya ibada. Gurudumu limetoka, duara safi. Napima: 288. Nilitaka 300! Kumbe nilipima 150 toka msumari hadi katikati ya kisu, na kisu kina upana wa 12, kwa hiyo kilinila milimita 6 kila upande. Kwa duara unalolitaka mkononi, pima hadi ukingo wa kisu ulio karibu na msumari; kama unalotaka ni shimo, pima hadi ukingo wa mbali. Gurudumu la pili nikaweka 156, likatoka 300 kamili. Sasa nina chukudu inayoinamisha kichwa. Wale wa panga hawakosei hivi.

Jumatano jioni. Nimerudisha msumari kwenye 150 nipunguze lile kubwa. Hapa niliogopa kweli. Safari hii kisu kinakula upande mmoja tu, nami kwa mazoea nikafuata mshale wa saa. Ruta ikanichomoka na kukimbia yenyewe. Bila msumari ingefika miguuni. Nikazima, nikaenda kinyume cha saa, ikatulia, inasukumika kwa uzito wake.

Jumamosi. Beringi 6202: nje 35, ndani 15, unene 11. Kisu cha kutobolea bawaba za kabati nacho ni 35, na ncha yake inakaa palepale kwenye tundu la msumari. Beringi zimeingia kwa nyundo ya mbao, taratibu.

Bado kuvisha mpira wa tairi kuukuu. Kijana amekuja mara nne leo: "Papa, breki itakaa wapi?" Hilo sikuwa nimelifikiria.