Sahani ya Rangi ya Kaharabu

Jumamosi usiku

Leo nimeshinda Newark, mji mdogo ulio mashariki ya Columbus hapa Ohio, katika ukumbi ambamo wakusanyaji wa vyombo vya zamani vya kioo vya Kimarekani walikutana ili kuuziana na, zaidi ya yote, kubishana. Nilichukua sahani moja tu, ya rangi ya kaharabu, niliyoinunua mwaka jana kwa dola 2 katika duka la mitumba, nikaifunga ndani ya kanga kuukuu na kuipakata njia nzima. Nilitaka nitajiwe umri wake.

Kwa watu hawa Newark si mji wa hivi hivi. Augustus Heisey alifungua kiwanda chake hapo mwaka 1896, kikafanya kazi hadi 1957, na makumbusho ya vyombo vyake yangalipo. Ndiyo maana meza za mbele zote zilijaa kioo cha Heisey, kile chenye herufi H ndani ya umbo la almasi, na wenye meza hizo walikuwa na utulivu wa watu wanaojua thamani ya mali yao. Mmoja wao aliniruhusu kupeleka bakuli dogo dirishani: kwenye mwanga wa jua lilikuwa la zambarau nyepesi, na nilipolirudisha chini ya taa za tyubu likageuka samawati. Alinieleza kwamba kioo hicho kilichanganywa na madini ya neodimi. Nilikwenda na kurudi mara tatu, hata nikaona haya.

Vyombo vya aina ya sahani yangu viliwekwa nyuma, karibu na mlango. Hivi ni vyombo vya Mdororo Mkuu wa Uchumi, ile miaka ya 1930 ya ukata na ukosefu wa kazi, vilivyobanwa kwa mashine kwa maelfu, vya waridi, vya kijani na vya kaharabu, ambavyo viliuzwa kwa senti chache, au vilitiwa ndani ya maboksi ya oti, au viligawiwa mlangoni mwa sinema katika siku zisizo na wateja, wiki hii kikombe na wiki ijayo kisahani chake, ili mama wa nyumbani asiache seti nusu. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa nasi nyumbani Tanga tulirundika vikombe vya plastiki tulivyopewa pamoja na sabuni ya unga. Kijana mmoja, pengine kijana pekee ukumbini, alikuwa akipitisha tochi ya mwanga wa urujuanimno chini ya kitambaa cha meza, na baadhi ya vyombo vya kijani vikawaka kama macho ya paka, kwa sababu vilitiwa urani kidogo wakati wa kuyeyushwa.

Mama mzee aliyekaa kwenye meza hiyo hakuvaa miwani. Aliipokea sahani yangu, akapitisha kidole kwenye ukingo wote akitafuta pengo, kisha akaufuata mshono ulioachwa na kalibu. Alisema urembo huo unaitwa Madrid na kwamba Federal Glass, kampuni ya Columbus, ilianza kuutengeneza mwaka 1932. Columbus! Mji ninaoishi mimi. Furaha yangu haikudumu, kwani aliinamisha sahani kwenye mwanga na kunionyesha tarakimu 76 zilizojificha katikati ya nakshi. Mwaka 1976, Wamarekani walipokuwa wakiadhimisha miaka 200 ya uhuru, kampuni ile iliutoa upya urembo wa Madrid kwa jina la Recollection, ikatia mwaka huo ili mnunuzi asichanganye kipya na cha zamani. Baadaye kampuni ilifungwa, kalibu zikaenda Indiana Glass, ule mwaka ukaondolewa na uzalishaji ukaendelea, na hapo ndipo ugomvi wa wakusanyaji unapoanzia.

Nilivunjika moyo, nami nakiri kwamba sikuwa na sababu. Asubuhi niliipenda sahani hiyohiyo, na hakuna kilichobadilika ndani yake isipokuwa nilichoambiwa. Nilimkumbuka bibi mzaa mama, ambaye bilauri zake za wageni zilikaa kabatini huku sisi tukinywea vikombe vya bati, na alipofariki tulizikuta mbili zikiwa bado na karatasi ya bei. Yule mama naye alisema hali chakula kwenye vyombo vyake, tena akanionya nisithubutu kuvitia kwenye mashine ya kuoshea, kwa maana kioo hupata ukungu usiosuguliwa ukatoka. Anauza kwa kuwa watoto wake hawavitaki. Nilisikia maneno hayo hayo kwenye meza nyingine mbili.

Mwishowe alinitolea sahani ya Madrid ya miaka ile ya 1930, yenye pengo dogo ukingoni, kwa dola 4. Nilizishika zote mbili, moja kila mkono, na kama si zile tarakimu nisingeweza kuapa ipi ni ipi.

Nimeziosha kwa mkono. Ile ya 76 iko mezani, ina tende. Ile nyingine nimeiegemeza ndani ya kabati, pengo likitazama chini, na nimewakataza watoto kuigusa.